Gede, kuanzia kisimani

Tangu Julai 2024, UNESCO ilipouingiza mji wa kale wa Gede, ulioko pwani ya Kenya, katika Orodha ya Urithi wa Dunia kwenye kikao chake cha New Delhi, simu yangu haijaacha kupokea video za mahali pale. Zinatoka kwa wanafunzi wanaokuja ofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo, kwa wapwa zangu, hata kwa jirani yangu muuza samaki. Nyingi zimewekewa muziki wa kutisha na sauti inayonong'ona: mji wa majini, mji uliohamwa usiku mmoja, mji uliopotea msituni. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ni kweli watu wa Gede walitoweka bila kuacha dalili. Swali hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Mimi nilifika Gede peke yangu mwaka 2018, nikatumia sehemu kubwa ya likizo yangu ndani ya kuta zile. Nilikuta mji wa watu waliochota maji, waliooga, waliozika wazee wao kwa heshima, na ambao mwishoni hali iliwazidi.

Nieleze kwanza jicho nililokwenda nalo. Mimi ni afisa afya mazingira hapa Tanga. Kazi yangu ni vyoo, visima, mifereji, mabucha na migahawa. Nikiingia mtaa wowote swali langu la kwanza huwa maji yanatoka wapi, na la pili huwa yanakwenda wapi yakishatumika. Mwaka ule mwanangu wa mwisho alikuwa ameshakwenda bweni, mume wangu yuko kazini Mtwara, na likizo yangu imelundikana. Dada yangu aliposikia naenda Watamu, ufukweni karibu na Gede, alishangaa: "Mwanamke mzima uende ufukweni kwa watu, huna mgonjwa wa kumwona, huna harusi?" Kwetu mwanamke husafiri kwa sababu ya mtu. Nikamwambia namfuata bibi. Bibi yetu alikuwa Msegeju wa Moa, marehemu siku nyingi, na tangu utotoni tulimsikia akisema kwamba watu wake waliteremka kutoka upande wa Malindi.

Nikapanda basi la Mombasa, tukavuka mpaka Horohoro, tukaambaa Kwale hadi kivuko cha Likoni. Kutoka Mombasa nikachukua matatu ya Malindi. Mtwapa, halafu mkonge wa Vipingo ulionifanya nijione bado niko Tanga, halafu daraja la Kilifi, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke ukawa ukuta wa kijani upande wa kushoto wa barabara. Ukishuka njia panda ya Gede, bahari iko kilomita chache mashariki, na tuktuk hukufikisha Watamu kabla hujamaliza kuzungumza na dereva.

Hotelini kijana wa mapokezi alinikaribisha vizuri, kisha akatazama nyuma ya bega langu. "Mama, wageni wako wanakuja na gari jingine?" Nikamwambia mgeni ni mimi. Akauliza kama nimekuja kwa semina. Hakuwa na adabu mbaya hata kidogo. Alikuwa tu amezoea mtu wa sura yangu afike pale akiwa na kazi. Kesho yake ufukweni vijana wakanisalimu kwa Kiitaliano, maana Watamu na Malindi zimepokea Waitaliano kwa miongo mingi na lugha yao ndiyo ya biashara. Nilipojibu kwa Kiswahili cha Tanga, mmoja aliacha vikuku alivyokuwa akiuza, akasema "Shikamoo mama," tukakaa kwenye mchanga tukazungumza hadi maji yakajaa. Mama yake hufuga vipepeo ukingoni mwa msitu na kuuza pupa zao kwa mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 na ambao ofisi yake iko pale pale penye magofu. Pupa hizo husafirishwa hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Akaniambia mama yake haruhusu mtu akate mti ovyo, kwa sababu kila aina ya kipepeo ina mti wake.

Nataja mapokezi ya hotelini na ya ufukweni pamoja kwa sababu nimeyafikiria sana tangu hapo. Pwani ile imejengewa mgeni atakayeondoka Jumamosi. Chakula, lugha, saa za kuamka, vyote vimepangwa kwa ajili yake, na hadithi ya magofu nayo imekatwa kwa kipimo chake. Mtu wa siku chache anapewa fumbo, kwa kuwa fumbo husimuliwa kwa nusu saa na halidai kurudiwa. Mimi sikuwa na mtu wa kunisubiri, wala ratiba. Niliweza kurudi.

Mara ya kwanza nilizungushwa na mwongoza wageni, mtu wa makamo, mpole. Alianza kama anavyoanza na wengine: mji wa ajabu uliofichwa na msitu, Wareno walikaa Malindi karibu kabisa na hawakuuandika popote, Sir John Kirk akafika mwaka 1884, James Kirkman akaja kuchimba kuanzia 1948 hadi 1958. Kisha roho za wazee zinazolinda mahali. Nilisikiliza kwa heshima. Tulipofika kwenye nyumba moja kubwa nikamwomba anionyeshe choo.

Alibadilika palepale. Akanitoa kwenye njia ya watalii, akanipeleka nyuma ya vyumba vya kulala, akanionyesha shimo la kuchuchumaa na pembeni yake mahali pa kuketi na kujiosha, vyote vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Akanionyesha ua ulioshushwa chini kidogo kuliko vyumba, na jinsi maji ya mvua yalivyoondolewa. Akaeleza kuta zilivyojengwa, namna dari zilivyobebwa na boriti za mikoko, na kwamba boriti zilipooza ndipo dari zile nzito za mawe na chokaa zilipoanguka. Nilipouliza amejifunza wapi, akasema babu yake alikuwa kibarua aliyebeba kifusi wakati wa uchimbaji wa Kirkman, na nyumbani kwao walilelewa na habari za kila ukuta. Elimu yote ile alikuwa nayo, na kila siku aliiacha kinywani akatoa mizimu, kwa sababu mizimu ndiyo iliyoulizwa. Tangu siku ile ninapofundisha vijana ukaguzi wa mitaa nawaambia wamuulize mwenyeji swali linalomstahili.

Siku zilizofuata niliingia peke yangu asubuhi na mapema, kabla mabasi ya hoteli hayajafika. Kima wanashuka kwenye mibuyu wakati huo, na kuna baridi ya msitu ambayo mtu wa pwani haitegemei. Nilianza msikitini. Msikiti Mkuu wa Gede hauna mnara. Una safu za nguzo nene za mraba, mihrabu ambayo bado ina alama za duara palipopachikwa bakuli za kaure, na juu ya mlango mmoja wa upande wa mashariki kuna mkuki mpana uliochongwa ukutani. Watu wengi huishia kwenye mihrabu. Mimi nilitoka uani, kwenye kisima, mfereji na birika la kutawadhia. Niliketi pale muda mrefu nikifuata njia ya maji kwa macho. Aliyejenga alijua maji yatatekwa na nani, yatamwagwa wapi, yatapita wapi hadi yafike miguuni mwa mwenye kusali. Hiyo ni kazi ya fundi anayeheshimu watumiaji wake, na mimi nimekagua shule zilizojengwa juzi ambazo hazikufikiria hata nusu ya hayo.

Karibu na msikiti kuna kisima ambacho Kirkman aliona kiliongezwa kina. Nilikiinamia nikaona kiza tu. Kisima hakirefushwi kwa starehe. Mtu hulipa vibarua washuke zaidi katika mwamba pale tu maji yanaposhuka na ndoo kurudi na tope. Mimi nimewahi kusimama kwenye ukingo wa visima vya namna hiyo katika vijiji vyetu, nikasikia wanawake wakihesabu ni miezi mingapi imebaki hadi masika, na wenye uwezo wakianza kuzungumzia kuhamia kwa ndugu. Hakuna anayetoweka usiku mmoja. Huanza kuondoka familia moja yenye ng'ombe, kisha kijana anayekwenda kutafuta, kisha wakwe, na siku moja muadhini anaona safu ya nyuma haijai.

Kuta zenyewe zinasema hivyohivyo kwa anayezifuata kwa miguu. Gede ina ukuta wa nje uliozunguka mji wake wa zamani za neema, karne ya 15, na ndani yake kuna ukuta mwingine mdogo unaokumbatia kasri, Msikiti Mkuu na nyumba kubwa za jirani, ambao umehesabiwa kuwa wa karne ya 16. Mji ulijivuta ndani. Watu waliobaki walikuwa wachache kuliko eneo walilorithi, wakajenga uzio wanaoweza kuulinda. Hadi mwanzoni mwa karne ya 17 hata hao wakawa wameondoka. Wataalamu wametaja maji yaliyoshuka, wametaja vita, wametaja Wareno kuhamishia nguvu zao na mtawala wa Malindi kule Mombasa katika miaka ya 1590, wametaja uvamizi wa Waoromo kutoka kaskazini. Kwa mtu aliyefanya kazi na jamii zinazohama, sababu hizi hazishindani. Kisima kikikauka mwaka ambao biashara imehama na njia si salama, familia hufanya uamuzi ambao ingeuahirisha kama tatizo lingekuwa moja.

Na hapo ndipo nilipomkuta bibi. Mwaka 1589 wapiganaji walioitwa Wazimba walipanda pwani wakiharibu miji, wakaifikia Mombasa, wakasonga hadi Malindi. Waliowavunja nguvu mbele ya Malindi ni Wasegeju, na miaka michache baadaye hao hao wakaishika Mombasa. Kutoka huko wengine waliteremka kusini hadi Vanga, Moa na vijiji vya Mkinga waliko leo. Bibi hakuwa na tarehe. Alikuwa na njia tu, jina kwa jina la mahali, na sisi watoto tulimwacha aseme huku tukimenya mihogo. Nilisimama kwenye msitu ule nikaelewa kwamba miaka ile ile ambayo video za leo zinaiita ya kutoweka, kwenye ukoo wangu ni miaka ya safari. Waliohama pwani ile walikwenda mahali. Walioa, walibadili majina ya vijiji, walizaa akina bibi.

Kuna kaburi moja Gede lililoandikwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Kwa sababu ya tarehe hiyo limewasaidia wachimbaji kupanga umri wa vingine vyote. Mimi nililipenda kwa sababu nyingine: kuna mtu alilipa mchongaji ili mzee wake asipotee, na hakupotea. Makaburi yenye nguzo yapo jirani. Nilipoyaona nilijua nayafahamu, kwani nimekua nikipita karibu na Tongoni, kusini kidogo ya mji wa Tanga, ambako kuna makaburi zaidi ya 40 na mengi yalikuwa na nguzo kama zile. Wenyeji huenda kule kuomba na kuweka nadhiri. Kusini-magharibi ya Malindi na kusini ya Tanga ni ustaarabu mmoja wa mawe na chokaa, na mtu anayepita kwa basi huvuka mpaka wa nchi lakini havuki mpaka wa mafundi.

Nina jambo moja linaloniuma kuhusu nyumba za Gede. Zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Fedha za Kichina, nyingine ya shanga ya Venezia, nyingine ya taa ya chuma. Naelewa kwamba mchimbaji anahitaji jina la kuandika kwenye daftari. Lakini mgeni akishazunguka anatoka na orodha ya bidhaa za ng'ambo, akiamini mji ulikuwa duka la vitu vya wengine. Vigae vingi vilivyofukuliwa katika miji hii ya pwani ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa palepale, vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, na hakuna nyumba iliyoitwa Nyumba ya Chungu. Katika kasri kuna ua wa wanawake na kuna stoo isiyo na mlango, ambayo mtu aliiingia kupitia tundu la juu ukutani. Nani alishuka humo kutoa nafaka? Nani aliteka maji ya kuoshea bakuli hilo la kaure? Bakuli limehifadhiwa, mikono iliyoliosha haijapewa kibao.

Nikiwa naoga baharini jioni, mbele ya miamba ya Watamu inayosimama majini kama uyoga, niliwaza juu ya mikono hiyo. Bahari ile imo ndani ya hifadhi ya taifa ya baharini tangu 1968, na wavuvi wa hapo wana mengi ya kusema juu ya mipaka yake. Sitayaeleza hapa, maana si yangu.

Wakati wa kurudi nilishuka Mtwapa kuona Jumba la Mtwana, mji mwingine uliohamwa, wenye msikiti unaotazama bahari na makaburi ambayo wimbi likija unalisikia. Miaka mitano baadaye, Machi 2023, nilisoma kwamba utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature, na ambao Profesa Chapurukha Kusimba ni miongoni mwa walioongoza, ulikuwa umepima vinasaba vya watu 80 wa kale wa pwani yetu na bara lililo nyuma yake, baadhi yao waliozikwa Mtwapa. Wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na mama wa asili ya Kiafrika, na kwa upande wa baba, wengi wakawa na asili ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu mwaka 1000. Watafiti walikuwa wameomba ridhaa ya wenyeji, na mifupa ikarudishwa kaburini. Nilifurahi sana kusoma hilo la mwisho. Mifupa ilishughulikiwa kama ya watu wenye wajukuu.

Sasa Gede imekuwa eneo la nane la Kenya katika orodha ile, ikiungana na Mji Mkongwe wa Lamu, Fort Jesus, Kaya za Mijikenda na mengine. Wageni wataongezeka. Video zitaongezeka. Sidhani kwamba hadithi za mizimu zinapaswa kufutwa. Wazee wa Kigiriama wanaoliona eneo lile kuwa takatifu ndio waliolitunza kabla hakujawa na tiketi wala lango, na wachimbaji wenyewe walikuta fingo, vyungu vya kinga vilivyozikwa na wenye nyumba karibu na milango yao. Woga na imani ni sehemu ya maisha ya mji. Ninachokataa ni kuuza woga peke yake na kuuacha mji.

Wasichana wawili niliowafundisha mwaka huu wanataka kwenda, mmoja bila mwenzake, na mama yake amenipigia simu kuniuliza kama ni salama. Nimemwambia ndiyo, kwa masharti ya kawaida ya mtoto wa kike safarini: afike mchana, alale kwenye nyumba niliyompa namba yake, apige simu magharibi. Binti nimemwambia aingie asubuhi, aanzie uani kwa msikiti, afuate mfereji, kisha atembee ukuta wa ndani wote kabla hajapiga picha kasri. Na amwombe mwongoza wageni ampeleke hadi kwenye kipande cha ardhi kati ya kuta mbili.

Mimi nilikwenda huko siku ya mwisho. Hakuna cha kupiga picha: miti, majani makavu, vichuguu. Watu wengi wa Gede waliishi hapo, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa kwa nyasi au makuti, na nyumba hizo zikishaanguka hurudi kuwa ardhi. Kirkman na wenzake walishughulika zaidi na mawe, na ndiyo sababu tunajua mkasi wa tajiri kuliko jiko la mfinyanzi. Wachimbaji wa baadaye wameanza kuugusa udongo huo, lakini bado ni mwingi. Kama kuna fedha zitakazofuata jina jipya la Urithi wa Dunia, zikaanzie hapo, kabla ya lango jipya na kabla ya taa za usiku. Wachimbe kwa upole majiko, majalala na vyoo vya watu waliobeba maji kuyapeleka kwenye zile nyumba kubwa. Kama watahitaji mtu wa kuwaonyesha jalala la zamani linavyoonekana, ofisi yetu ina vijana wanaolijua.